Siwema na Kinywaji Chekundu cha Mtaliana

Mtaa wa Mahiwa ulikuwa na wanawake watatu waliouza sharubati, lakini kila Ramadhani, alasiri ikianza kupoa, majagi ya mtaa mzima yalielekea nyumba moja tu, nyumba ya Siwema binti Mrisho. Siwema alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mfupi, mpole, mwenye vidole vilivyoshika rangi ya ukwaju hata avisugue kwa ndimu. Mungu alimjalia ulimi. Si ulimi wa maneno, maana maneno yake yalikuwa machache, bali ulimi wa kuonja. Akipewa sharubati arusini aliweza kukuambia iliki ilitiwa kabla ya sukari au baadaye, na kama maji yalitoka kisima cha Gerezani au cha Kariakoo.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, ambaye naye alikuwa akiwapikia watu wa Gerezani tangu enzi za Wajerumani. "Sukari peke yake haina mgongo," mama alizoea kusema. "Itie kitu kikali cha kuisimamisha." Kwa hiyo sharubati ya Siwema ilikuwa tamu, lakini ukishaimeza kulibaki mdomoni uchungu mdogo wa ganda la ndimu uliokufanya utake tena. Hicho ndicho watu walichokifuata.

Mumewe, Seifu, alikuwa mtumishi wa mezani kwa Mtaliana mmoja aliyeitwa Bwana Zanoli. Bwana huyo alikuwa mkandarasi wa majengo, akikaa ghorofani Mchafukoge juu ya stoo yake ya saruji na mabati. Seifu alikuwa kwake mwaka wa tisa. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mshipi mwekundu kiunoni, na katika kazi zake zote hakuna aliyoijivunia kama kuandaa kinywaji cha jioni.

Alikuwa akimweleza mkewe wakiwa wamekaa uani, akishika kikombe cha maji kana kwamba ni bilauri ya kioo.

"Kwanza barafu, mpaka ijae. Usiiogope barafu, ikiwa chache inayeyuka upesi na kinywaji kinakuwa maji. Halafu bita nyekundu, ile pombe yao chungu, vidole viwili. Halafu mvinyo wao mweupe wenye mapovu, vidole vitatu. Mwisho soda, kidogo tu, unaibinya chupa yake inapiga chafya. Unapitisha kijiko mara moja, hukorogi. Unatia kipande cha chungwa. Basi. Kinakuwa rangi ya jua linapozama."

"Na ladha yake?" Siwema aliuliza.

"Nitaijulia wapi? Sijawahi kukitia mdomoni. Bwana anasema ni kichungu, na uchungu wake unafungua tumbo kabla ya chakula."

Siwema aliridhika na jibu hilo. Alijua mumewe anahudumia vileo, kama walivyojua majirani wote. Wanaume wengi wa Kariakoo walifanya kazi kwenye nyumba za Wazungu, na mtu hakuulizwa alichokimimina, aliulizwa alichokunywa.

Mwezi wa kumi mwaka 1935 Wataliana wakaingia Habeshi na vita. Barazani kwa watu kukawa hakuna mazungumzo mengine. Mwenye kujua kusoma aliwasomea wenziwe gazeti, na habari za mabomu na moshi wa sumu zikawauma watu kama zimetendeka Buguruni. Siku moja mzee mmoja alimwuliza Seifu kwenye kahawa, mbele ya watu, "Bado unamwandalia meza muuaji wa Wahabeshi?"

"Bwana wangu hajawahi kufika Habeshi," Seifu alijibu. "Anajenga maghala bandarini." Akanywa kahawa yake yote, akaondoka. Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka mtaa wa nyuma asipite baraza ile.

Kabla mwaka haujaisha serikali ya Kiingereza ikapiga marufuku bidhaa za Kitaliana. Chupa za bita hazikushuka tena bandarini, wala mvinyo wa mapovu. Bwana Zanoli akaanza kupunguza, vidole viwili vikawa kimoja, na mwezi wa pili chupa ya mwisho ikaisha. Wakati huohuo maofisa wa Kiingereza waliozoea kupanda ngazi zake jioni wakawa na udhuru, huyu kichwa kinamwuma, yule ana barua za kuandika. Na maofisa hao ndio waliotoa kazi za ujenzi.

Mkewe, Sinyora Zanoli, alikuwa mwanamke wa mipango. Akaamua kufanya karamu mwezi wa tatu, awaite wote pamoja na wake zao, waione nyumba ileile yenye kinywaji kilekile, wasahau vita. Akamwita Seifu jikoni, akamkabidhi chupa tupu.

"Wewe tafuta kama hii," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrishia. "Kariakoo iko kila kitu. Kama hapana pata, mimi tafuta boi mwingine."

Seifu alitembea na chupa ile kwapani, imefungwa katika gunia, akijua kwamba hakuna duka Kariakoo litakalokuwa nayo. Alijua pia kwamba nyumbani kwake yupo mtu ambaye angeweza. Na alijua hataweza kumwambia ukweli, kwa kuwa kaka yake Siwema alikuwa Maalim Muhiddin, mwenye chuo cha Kurani mtaa wa pili, na Siwema alikuwa akisali sala zake kwa wakati.

"Mama Zeina," alimwambia. Zeina alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa Kilwa. "Bwana anaumwa tumbo. Dawa yake hutoka kwao, na sasa kwa ajili ya vita haiji. Hebu nusa, uone kama unaweza kuipika."

Siwema alitia maji ya moto kidogo ndani ya chupa, akaitikisa, akanusa. Akafumba macho. Seifu alisimama akimwangalia, na alisema baadaye kwamba pale angeweza kutamka, maneno yalikuwa mdomoni. Hakuyatamka.

"Danzi," Siwema alisema. "Ganda la danzi, si chungwa. Na magome. Na kuna mzizi siujui." Alinusa tena. "Mtu aliyepika hii anajua kazi yake."

Alianza kesho yake. Madanzi aliyapata shambani Buguruni kwa mwanamke aliyekuwa akiyatupa, kwa kuwa hayaliki. Akayamenya kwa kisu chembamba, ganda la juu tu, akiacha ule weupe wa ndani wenye uchungu wa kukereketa. Kwanza alijaribu mwarobaini, akaukataa. Uchungu wake ulikaa kooni kama mgeni asiyejua kuaga. Akajaribu shubiri, ikawa mbaya zaidi. Ndipo akaenda sokoni kwa Fakhriya.

Fakhriya alikuwa mjane wa Kiarabu, mwenye duka la viungo na dawa karibu na banda la soko, na walijuana tangu wasichana. Fakhriya alimtolea gome la kwinini, lile la miti inayopandwa Amani huko milimani Usambara.

"Wanaliloweka wenye homa," alisema. "Nani anaumwa?"

"Bwana wa Seifu. Tumbo."

"Kwa tumbo la Mzungu unahangaika wiki nzima?"

"Si kwa tumbo lake, shoga yangu," Siwema alisema, akacheka kidogo. "Nataka kujua tu kama naweza."

Na kweli alitaka. Kwa siku kumi na mbili hakuzungumza jambo jingine. Alilitwanga gome kwenye kinu, akaliloweka katika maji baridi, kwa kuwa likichemshwa lilitoa uchungu mzito wa udongo. Rangi aliipata kwenye choya, yale maua mekundu yanayopikwa sharubati. Aliikaanga sukari mpaka ikaanza kuwa kahawia, akazimua na maji ya choya, akatia maganda ya madanzi, iliki tatu, karafuu moja, akachuja mara mbili kwa kitambaa cha melimeli, na mwishoni kabisa akatia maji ya gome, kijiko kwa kijiko, akionja kila kijiko. Siku ya kumi na mbili aliacha kuongeza. Akatia vijiko viwili katika kikombe cha maji ya mtungi, akanywa akiwa amesimama.

Alisema hajawahi kupika kitu kama kile. Kilianza na harufu ya ua, kikawa kitamu, halafu uchungu ukaja polepole pembeni mwa ulimi, ukakaa pale safi, mpaka mate yakajaa mdomo. Alimpa Seifu akaonja. Hakikuwa na kileo chochote wakati ule, kwa hiyo Seifu alionja.

"Ndicho," alisema kwa sauti ndogo, ingawa hakuwahi kukionja cha Kitaliana. Alikijua kwa rangi na harufu.

Karamu ilifanyika mvua za masika zikiwa zimeanza, Jangwani kumejaa maji. Seifu alichanganya ile sharubati na kileo kikali cheupe cha Kiingereza, kile wanachokiita jini, akaweka mvinyo mweupe wa Afrika Kusini mahali pa ule wa Italia, soda akaizidisha ili mapovu yawepo. Wageni walikunywa, halafu wakaulizana. Mke wa ofisa mmoja mkubwa wa bandari alimshika mkono Sinyora, akataka kujua ameipata wapi bita hiyo wakati dunia nzima haina.

Sinyora alitabasamu. "Ni siri ya mama yangu," alijibu. "Huko kwetu kila nyumba ina yake."

Seifu alikuwa amesimama na sinia hatua mbili kutoka hapo.

Baada ya karamu, wageni wakarudi ngazini. Bwana Zanoli akapata kazi ya kujenga maghala mawili. Sinyora akamwuliza Seifu vinavyotiwa, akaviandika, akawa anataka chupa za kuwapelekea rafiki zake, sita kwa wiki, halafu kumi. Siwema alipelekewa gunia la sukari na doti mbili za kanga kwa kulitibu tumbo la Bwana, naye akafurahi. Akazivaa kwenye arusi ya mtaani, na alipoulizwa zimetoka wapi alisema, "Ni dawa yangu imempendeza Mzungu."

Lakini joto la Dar es Salaam halina huruma. Siku ya nne chupa zilianza kutoa povu zenyewe, siku ya sita zikalipua vizibo. Sinyora akamfokea Seifu. Alasiri moja Seifu akarudi nyumbani na kikapu cha mchicha, na chini ya mchicha chupa mbili za kioo cheupe.

"Ni maji ya dawa," alisema. "Loweka maganda humu badala ya kuyachemsha. Hayataharibika."

Siwema alizibua. Hakuhitaji kuinamisha pua. Akaifunga tena chupa, akaiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Tangu lini?"

Seifu aliusogeza mchicha kikapuni.

"Seifu, nakuuliza. Ile ya kwanza pia ilikuwa ya kulevya watu?"

"Wewe ulipika sharubati. Walichotia wao ni shauri lao."

"Nimewaambia watu ni dawa. Nimemwambia kaka yangu."

"Ningekwambia ungekataa. Ungekataa ningefukuzwa. Kazi ipi nyingine naijua mimi? Kubeba mizigo bandarini na mgongo huu?" Akakaa juu ya kinu, akashika kichwa. "Wewe huinywi, mke wangu. Mimi siinywi. Mikono tu ndiyo inayofanya kazi."

Chupa zilikaa katikati yao mpaka kivuli cha ukuta kikazifikia. Seifu alitoka kwenda msikitini. Aliporudi alikuta maganda ya danzi yamelowekwa, jagi limefunikwa kwa kitambaa.

Watu wengi waliosimulia habari hii baadaye walisema mume alimlazimisha. Siwema mwenyewe hakusema hivyo hata mara moja. Alipozibua chupa ile, chini ya ukali wake alisikia jinsi ganda la danzi lingelegea ndani, jinsi lingetoa mafuta yake yote ambayo maji hayawezi kuyatoa. Alitaka kujua itakuwaje. Aliloweka kwa sababu hiyo. Kuonja hakuonja tena, alipima kwa pua tu, na kila Ijumaa alioga akasali sala ndefu. Lakini aliendelea, miezi miwili na zaidi, na alijua anaendelea.

Sheria ya wakati ule ilimkataza mtu mweusi kushika vileo vikali vya Kizungu, hata kama ni mali ya bwana wake, asipokuwa na barua. Seifu alikuwa akivuka uwanja wa Mnazi Mmoja na kikapu chake mara mbili kwa wiki. Mwezi wa sita, saa tisa alasiri, askari mmoja alimsimamisha kumwuliza bei ya mchicha, kwa kutaka tu kununua. Seifu akakivuta kikapu nyuma ya mgongo. Askari akashuku, akainua majani.

Walimleta nyumbani akiwa amefungwa pingu. Mtaa wote ulitoka milangoni. Askari watatu waliingia uani kwa Siwema, wakatoa majagi, wakatoa chupa, wakazipanga kibarazani zikaonekana na kila mtu, nyekundu, nzuri, chupa kumi na moja. Mmoja alizibua, akanusa, akamwambia mwenziwe, "Hii ni kali kweli." Seifu alisema zote ni zake, wakamchukua yeye peke yake. Siwema alisimama kwenye nguzo ya mlango amejifunika kanga ya Sinyora, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Kesho yake asubuhi alikwenda Mchafukoge. Hakuwahi kufika nyumba hiyo. Alipanda ngazi za nyuma, akamkuta Sinyora jikoni akipanga maua.

"Shikamoo, Mama," alisema, ijapokuwa alimzidi umri. "Mimi ni mke wa Seifu."

"Seifu mwizi," Sinyora alisema bila kugeuka.

"Seifu si mwizi. Chupa ulimpa wewe, alete nikupikie. Naomba uandike barua tu, useme ulimtuma. Watamwachia."

"Mimi hapana jua kitu hiyo. Mimi natengeneza hapa, kwa mkono yangu."

Siwema alitazama meza. Palikuwa na chupa yake imebaki nusu. "Mama, ukinipa maji ya moto na danzi, nitakuonyesha hapahapa."

Sinyora aligeuka sasa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Siwema kuliko yote. Alikuwa na uso wa mtu anayefikiri haraka. Kuandika barua kungekuwa kukiri kwamba vileo vilitengenezwa bila leseni, katika nyumba ya Mtaliana, mwaka ule. Na kungekuwa kuwaambia wake wa maofisa kwamba siri ya mama yake ilitoka kwenye ua wa Kariakoo.

"Kwenda nyumbani," alisema. "Pole sana. Kwenda."

Mahakamani ilisomwa barua ya Bwana Zanoli, kwamba mtumishi wake alikuwa akiiba vileo kabatini kwa muda mrefu. Hakimu Mzungu alimwuliza Seifu kama ana la kusema. Seifu alisema alitumwa. Hakimu akauliza nani shahidi. Seifu akafungwa miezi mitano.

Jioni ileile Maalim Muhiddin alifika kwa dada yake. Siwema alimwamkia, "Shikamoo kaka," naye akaitika marahaba, akakataa kukaa.

"Nimekuja kuuliza neno moja, ili nikiulizwa na watu niwe na jibu. Ulijua?"

Jibu lilikuwa jepesi. Mwanamke aliyedanganywa na mumewe, nani angemlaumu? Muhiddin mwenyewe aliuliza kwa nia hiyo, akimfungulia mlango wa kutokea, na uso wake ulikuwa ukimwomba aupite.

"Mwanzo sikujua," Siwema alisema. "Halafu nikajua."

"Na ulipojua?"

"Niliendelea."

Muhiddin alivitafuta viatu vyake kwa mguu. "Usiniambie kwa nini," alisema. Akavaa viatu vyake, akaenda. Watu walipomwuliza hakusema uongo, na kwa kuwa hakusema uongo habari ikajulikana.

Mwezi wa saba Waingereza wakaondoa marufuku. Meli zikaleta bita nyekundu na mvinyo wa mapovu, na katika nyumba ya Zanoli mtumishi mpya, Anselmi, akawa anamimina vidole viwili na vidole vitatu kama zamani. Siwema hakuwa na mtu wa kumwuzia hata glasi ya ukwaju. Arusi iliyokuwa imempa kazi ya sharubati ilimpa mwingine kwa adabu sana. Walimletea sahani ya pilau siku ya pili.

Fakhriya ndiye aliyemchukua. Alimweka chumba cha nyuma ya duka kuchambua karafuu, kukausha maganda, kupima na kufunga. "Kaa huku nyuma kwanza," alimwambia. "Si kwa ubaya. Watu wakikuona unagusa wanachokula, watakwenda dukani kwa Humoud." Siwema alielewa. Alikaa nyuma.

Mwezi wa kumi aliingia dukani mtumishi mmoja aliyejulikana kwa jina la Leodegar, mpishi wa yule ofisa mkubwa wa bandari, na karatasi mkononi. Fakhriya alisoma kwa sauti, kama kawaida, ili Siwema apime kule ndani. Maganda makavu ya madanzi. Choya. Gome la kwinini. Iliki tatu. Karafuu moja.

Fakhriya aliacha kusoma.

"Ni za nini hizi?" aliuliza.

"Memsahibu anataka kutengeneza bita mwenyewe nyumbani," Leodegar alisema. "Ya dukani anasema haifikii ile ya Sinyora Zanoli. Kampa siri yake kwa urafiki tu. Nimeambiwa nichemshe hivi vyote pamoja."

Siwema alitokea mlangoni akiwa na mzani mkononi. "Gome usilichemshe," alisema. "Liloweke maji baridi, utie mwisho."

"Karatasi inasema nichemshe, mama."

"Itakuwa na ladha ya udongo."

"Nitaambiwa nimekosea karatasi." Leodegar alisema kwa upole, akiomba radhi. "Unajua kazi zetu."

Siwema alimpimia. Alimfungia kila kitu peke yake, gome akalifunga mara mbili. Fakhriya alitaka kumwambia kitu baada ya mtu yule kuondoka, lakini Siwema alikuwa amesharudi kwenye karafuu zake.

Seifu alitoka gerezani siku ya tatu ya Ramadhani. Alifika alasiri, amekonda, kichwa kimenyolewa, akasimama mlangoni akiutazama mtaa. Wakati kama huo miaka yote ukumbi wao ulikuwa umejaa watoto na majagi.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Wananunua sharubati kwa Mgeni, kule mwisho."

Walifuturu kwa uji na tende. Ndipo Seifu akasema aliyokuwa amekuja nayo njia nzima. "Nimesikia gerezani kaka yako alikuuliza. Ungesema hukujua. Neno moja. Mimi nimeshafungwa, aibu ilikuwa yangu, ungeiacha kwangu. Sasa hatuna hata sharubati."

"Wewe ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja kabla yangu," Siwema alimjibu. "Nilikuwa nimefumba macho nanusa chupa, wewe umesimama."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Seifu alikwenda mara mbili Mchafukoge kuomba kazi. Mara ya kwanza aliambiwa angoje, mara ya pili Anselmi alitumwa kumfungia mlango. Kabla ya Idi akapata kazi ya upishi kwenye shamba la mkonge huko Ngerengere. Alisema atatuma habari akishatulia. Barua iliyokuja, miezi mingi baadaye, ilikuwa ya talaka moja, imeandikwa vizuri na karani, na salamu kwa Zeina.

Siku ya Idi ile, baada ya sala, Maalim Muhiddin alimtembelea dada yake kama alivyomtembelea kila Idi tangu wazazi wao walipofariki. Safari hii alikaa. Siwema alimwekea halua, kahawa, na jagi la sharubati ya ndimu alilolitengeneza alfajiri, la kwanza tangu mwezi wa sita. Muhiddin aliuliza hali yake, akauliza hali ya Zeina na wajukuu. Alikuwa mpole. Alikata kipande cha halua, akakishika, akakirudisha sahanini.

"Nikumiminie?" Siwema aliuliza.

"Maji tu, Siwema," alisema. "Ya mtungi."

Alimletea. Muhiddin akanywa, akamwombea dua, akainuka kwenda nyumba nyingine.